Namna ya kutania msibani bila kumuumiza mfiwa

Vijana wetu wa mjini wakifika msibani na kumkuta mtu amejilaza mlangoni kuzuia jeneza lisitoke, anadai soda na shilingi mia tano, wanaulizana huyu mlevi katoka wapi. Yule ni mtani, na yuko kazini. Kazi yake ina taratibu, ina saa zake na ina mipaka, na naiona inapotea kwa sababu wanaoijua hawaulizwi. Mimi nimeulizwa na binti yangu, mtu mzima mwenye mtoto wake, ambaye hajui hata watani zetu ni kina nani. Kwa hiyo naandika, na wengine mchukue.

Mimi ni Mzaramo wa Maneromango, Kisarawe. Naishi Mbagala na napika kwenye shughuli za watu: harusi, maulidi, kumtoa mwali, na misiba. Mtaani kwetu Wasukuma na Wanyamwezi ni wengi, na hao ndio watani wa Wazaramo tangu enzi za mababu. Wakifiwa wao, nabeba masufuria naenda. Nikifiwa mimi, wanakuja wao na makelele yao. Nimekaa upande wa kutania na nimekaa upande wa kutaniwa, na jambo ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote ni kwamba utani wa msibani hulipiwa kwa kazi. Anayemzika mtu ndiye mwenye haki ya kumcheka.

Wazee wetu walivyotusimulia, mambo haya yalikomaa njiani. Karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wakibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyanyembe, huko Tabora, hadi Bagamoyo, safari ya miezi, wakipita kwa Wagogo, kwa Waluguru, kwa Wakwere, wakishukia kwetu pwani. Mpagazi akifia njiani, kwao ni mbali, na maiti haingoji. Lazima awepo mtu wa kumzika ambaye si ndugu yake na wala si adui yake. Huyo ndiye mtani. Alikuwa na ruhusa ya kuingia uani kwa mwenyeji, akamkamata kuku akachinja, asigombezwe; na siku mwenyeji akifa, yeye ndiye wa kushika jembe. Ruhusa na deni vilikuja pamoja. Wengine utani wao umetokana na vita: Wahehe na Wangoni waliuana vibaya kati ya 1878 na 1882, na leo Mngoni anashuka kaburini kwa Mhehe akamtukana marehemu na watu wakamshukuru.

Jua kwanza wewe ni nani kwa marehemu

Usifungue mdomo kabla hujajua unasimama wapi. Kuna watani wa kabila, kama nilivyosema. Kuna watani wa ukoo kwa ukoo ndani ya kabila lenyewe, na hao ni wazee peke yao wanaowajua vizuri. Kuna babu na bibi kwa wajukuu zao. Huo ni utani ulio karibu kila mahali, babu anamwita mjukuu wa kike mke wangu, bibi anamwita wa kiume mume wangu, na hakuna anayeshtuka. Kuna mashemeji, mawifi na mabinamu.

Mkwe usimguse. Mama mkwe na mkwewe wa kiume huoneana haya maisha yao yote, na kifo hakiondoi haya hiyo. Mtoto wa marehemu naye hatanii: yeye ni mfiwa, atataniwa. Mwenye nyumba wako, bosi wako, mtu mnayesali naye tu, hao pia si watani zako, hata kama mlikuwa mnacheka pamoja kila siku. Kaa, toa pole, beba viti.

Mjini kuna utani mwingine ambao mimi nauheshimu, nao ni wa Simba na Yanga. Klabu hizi zimekuwepo tangu 1936 na 1935, na watu wanaitana watani wa jadi bila kujali mtu katoka wapi. Alipofariki jirani yetu mmoja mwana Simba kindakindaki, wana Yanga wa kijiweni kwake walikuja kuchimba kaburi wamevaa jezi zao za njano na kijani. Walichimba mpaka chini, wakaulizana kwa sauti, "Sasa Jumamosi nani atatutukana?" Kijana wake wa kwanza, aliyekuwa amekauka kama ukuni tangu asubuhi, ndipo alipoketi chini akalia. Wale vijana si kabila moja, hawana ukoo mmoja, lakini waliijua kanuni: jembe kwanza.

Kama hujui, muulize mzee mmoja kabla hujatoka nyumbani: "Hawa tunataniana nao?" Akisema hajui, basi siku hiyo wewe ni msaidizi.

Mikono kabla ya mdomo

Ukifika, salimia, toa pole yako kwa utulivu kama watu wengine, kisha nenda uani. Funga kanga vizuri, uliza maji yako wapi, kuni zimeletwa ngapi, mchele umeshachambuliwa au bado. Msibani kwetu kuna ubwabwa na maharage, kukiwa na uwezo kuna nyama, na chai haikatiki. Mtu aliyekuna nazi kumi na kusugua sufuria za masizi ana sauti ambayo hakuna anayeipinga. Ukiwa mwanamume, kuna kaburi la kuchimba, turubai la kufunga, wageni wa kupokelewa stendi usiku.

Nimeona kijana amefika kwa watani zake na shati limepigwa pasi, akaenda moja kwa moja kwa mjane akaanza maneno. Watu wakaangalia chini. Mama mmoja mtu mzima akatoka jikoni na shoka, akamkabidhi: "Mtani, mdomo umekuja nao, mikono umeiacha wapi?" Kijana akavua shati, akapasua kuni mpaka jua likazama. Usiku ule ule alisema maneno yale yale aliyoyasema mchana, na msiba mzima ukacheka. Maneno hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa ameyalipia.

Saa za kufunga mdomo

Habari inapofika mara ya kwanza, usitanie. Mwili unapotolewa mochwari, unapooshwa, unapokafiniwa, usitanie. Wakati wa swala ya jeneza au misa, na pale udongo wa kwanza unapoangushwa, hapana. Sheikh au padri au mchungaji mwendee mapema, mwambie: sisi ni watani, tuna desturi yetu, tunaomba nafasi hapa na hapa. Wengine watakubali kwa moyo mweupe. Wengine watasema dini hairuhusu kuzuia maiti, na ukisikia hivyo usibishane naye mbele ya wafiwa. Utani wako upeleke jikoni na kwenye mkesha, huko hakuna wa kukuzuia.

Saa zenyewe ni zipi? Jioni, watu wakishaanza kuzungukia moto. Usiku wa manane, basi la ndugu kutoka bara bado halijafika na watu wamechoka kulia. Mwili unapotoka ndani ya nyumba. Wakati wa kula. Na siku ya kuanua matanga, ambapo watani wanaweza kusema mpaka koo likauke.

Halafu angalia kifo chenyewe. Mzee aliyekula chumvi nyingi, akaacha wajukuu na vitukuu, huyo utani wake unatiririka wenyewe. Lakini mtoto mdogo, mama aliyefia kwenye uzazi, kijana wa bodaboda aliyegongwa, mtu aliyejitoa uhai, aliyeuawa: hapo usitanie kabisa. Wewe bado ni mtani, na siku hiyo utani wako ni kupika, kubeba, na kukaa. Watakaoshika miguu ya mama asianguke ni nyinyi. Kilio cha wengi arusi, lakini kuna vilio ambavyo hata wengi mkiwa mia mbili havitakuwa arusi, na mtani mzuri anavijua akiwa bado mlangoni.

Cha kusema, na cha kutosema

Tania maisha ya mtu, usitanie kilichomuua. Hii naiweka juu ya zote. Kama marehemu alikufa kwa kifua, usikohoe. Kama alikuwa na kisukari, usiitaje sukari. Chukua tabia yake ambayo kila mtu anaijua na ambayo mwenyewe akiwa hai alikuwa anaicheka.

Kulikuwa na mama wa Kisukuma hapa kwetu, mcha Mungu, mwenye huruma, lakini sokoni alikuwa hashikiki; anaweza kubishania fungu la dagaa mpaka muuzaji akampa bure aondoke. Siku ya kumuaga jeneza limewekwa uani, zuri, limepakwa vanishi, na bei yake ilikuwa imeshajulikana msiba mzima. Baada ya sala, nilipopewa nafasi nilisimama pembeni nikamwambia, "Mtani, wewe leo laki tano umeikubali kimya kimya? Hujasema hata ‘punguza’? Basi nimeamini umekufa." Dada zake walicheka mpaka wakashikana. Nilikuwa nimesema kwa sauti kitu ambacho kila mmoja alikuwa nacho moyoni, kwamba yule mbishi hatabisha tena. Ungeweza kukisema kwa huzuni, wakalia. Ukikisema hivi, wanalia pia, lakini wanalia wakimwona yeye, na dagaa zake, na kapu lake.

Wapare na Wachaga nao wana yao, mashuhuri nchi nzima. Mpare atasema ukitaka kuhakikisha Mchaga amekufa kweli, dondosha sarafu karibu na sikio lake; asipofumbua jicho, zika. Mchaga atajibu kwamba Mpare akizikwa asubuhi, jioni ameshafungua kesi na aliyechimba kaburi. Tazama jinsi maneno haya yanavyofanya kazi. Kifo kinatajwa kwa jina lake, bila kuzungushwa, mbele ya watu ambao wiki nzima wamekuwa wakisema "ametutoka", "ametangulia", "amepumzika".

Sasa nikueleze kuigiza, maana hicho ndicho chenye nguvu kuliko vyote na ndicho kinachoharibika haraka.

Alifariki mzee wa Kinyamwezi, fundi baiskeli, Mwislamu safi, mtani wangu wa miaka mingi. Mkewe alikaa kwenye mkeka chumbani tangu jana yake, hali, hanywi, hajibu mtu. Wanawake wamemzunguka wanasema vumilia, kazi ya Mungu haina makosa. Nilikuwa nimeshapika chakula cha mchana na cha jioni. Nikamwomba wifi yake koti la kaki la marehemu na fimbo yake. Yule mzee hakuwa anaongea kabla ya kugonga fimbo chini mara mbili; hata akikuomba chumvi, kwanza agonge. Nikavaa koti, nikaingia chumbani nimeinamisha bega la kushoto kama yeye, nikagonga mara mbili, nikasema kwa sauti yake, "Chai hii nani kapika? Mnataka nife?"

Chumba kikanyamaza. Mjane akainua macho akaniangalia tangu miguuni mpaka kichwani. Akacheka, kicheko kimoja kifupi. Kisha akanyoosha kidole, akaanza kunigombeza kwa jina la mumewe: "Wewe! Umeniacha na deni la mabati, nani atalipa? Ulisema utamaliza mwezi wa sita!" Akasema, akasema. Uzembe wake, ukimya wake, safari yake ya Tabora aliyorudi bila zawadi. Mimi nikawa naitikia kwa fimbo tu. Mwisho akasema, "Kwa nini hukuniaga?" Akalia kilio kile ambacho alikuwa hajakilia. Baada ya hapo alikunywa uji, nusu kikombe, kisha kikombe kizima.

Hilo swali, kwa nini hukuniaga, hakuna sheikh wala daktari wa kulijibu. Lakini mtu anahitaji kulitupa mahali, na hawezi kulitupa kwa maiti aliyelala na sanda, wala hawezi kumtupia Mungu mbele ya watu. Watu wengi wamewakasirikia waliokufa na wanaona aibu kusema. Ukivaa koti unampa mtu wa kumgombeza. Kwa hiyo ukiigiza, usiongee sana. Ingia, sema neno moja la marehemu, kisha subiri. Akikuangalia pembeni akafunga uso, vua koti hapo hapo, mkalie karibu, mshike mkono, usirudie. Na nguo iombe kwa mwenyewe, usiifungue kabatini kwa nguvu.

Kuzuia mlango na kutoza

Ukizuia jeneza au ukishuka kaburini ukagoma kutoka, madai yako yawe madogo: soda, mia tano, elfu moja, kuku ambaye kila mtu anajua hatatolewa. Rambirambi usiiguse, ile iko kwenye daftari na ina mwenyewe. Unachokusanya kipeleke jikoni watu wakikuona, kikanunue sukari na majani ya chai. Mzee wa ukoo akisema "Mtani, tumekusikia", simama, ondoka njiani. Ukiendelea baada ya hapo umeshakuwa kero. Na mwenye simu anayerekodi mwambie aiweke mfukoni. Utani huu ni wa watu waliomo, na mtu wa mbali akiuona atawaona wafiwa hawana adabu.

Kaka yangu ni mchimbaji kaburi mzuri na mtani hodari. Kuna mahali alishuka kaburini kwa watani, akajilaza chini, akasema, "Ndugu yenu atatosha, lakini nataka kila mmoja wa ukoo huu ashuke apime, tusije tukasumbuana baadaye." Wanaume wakacheka, kisha wakatulia wenyewe wakaangalia chini kwenye udongo. Mmoja alishuka kweli. Mtu mzima, mkubwa wa marehemu. Akakaa mle kidogo, akapandishwa, akakung'uta suruali, akasema "Panatosha." Wiki ile ile alimwita mwanawe aliyekuwa hasemi naye.

Mfiwa, na wewe una wajibu

Ukitaniwa, kukasirika hakuruhusiwi, na hili linawashinda wengi siku hizi. Jibu kwa utani au lipa. Ukiambiwa "unalia kama unamdai", jibu "namdai kweli, na wewe ndiye mdhamini wake". Huna maneno? Toa hiyo mia tano, inatosha.

Lakini kama neno limekuchoma kweli, usilimeze. Mwite mzee mmoja, mwambie fulani kanigusa pabaya. Mtani akiambiwa hivyo anatakiwa anyamaze na aje aombe radhi kwa kinywa chake, siku hiyo hiyo, kabla hamjalala. Nimeona mtani akitakiwa kuomba radhi hajui aseme nini, akachukua ndoo akaenda kuchota maji mapipa mawili. Ilipokelewa.

Utani na mtu ambaye bado yupo

Huku ndiko wengi hawajui kama utani unafika, na mimi naona ndiko unakofaa zaidi. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, aliumwa muda mrefu. Watu wazima wakiingia walikuwa wanamwambia utapona, usiseme hivyo, ondoa mawazo. Akawa anawageukia ukutani. Wajukuu tulipoingia aligeuka upande wetu, kwa sababu sisi tulikuwa na ruhusa.

Acha mgonjwa aanze. Hiyo ndiyo kanuni. Asipoanza, zungumza mengine. Bibi alianza mwenyewe: "Nikifa msinizike karibu na mke mwenzangu. Tumekaa uani pamoja ujana wetu wote, inatosha." Tukacheka. Sasa hapo mtu mwingine angesema "bibi jamani, acha hayo", na mlango ungefungwa. Unachotakiwa kufanya ni kuuliza swali linalofuata, kwa sauti ile ile ya utani. Nikamwuliza, "Haya, mume wako mimi nikakuzike wapi basi?" maana alikuwa ananiita mume wake ingawa mimi ni mwanamke, kwa ajili ya ukorofi wangu. Akataja mahali: chini ya mkorosho wa kaskazini. Nikamwuliza nani amwoshe. Akataja watatu, akamkataa mmoja kabisa: "Yule mikono yake ya baridi." Nikaandika. Akaendelea mwenyewe mpaka kwenye minazi, nani apewe ipi, na pale nikamwita mjomba aje asikie kwa masikio yake, kwa sababu kwa Mwislamu wasia haupiti theluthi ya mali na una taratibu zake, haufanyiwi utani. Lakini bila ule mzaha wa mke mwenza tusingefika kwenye minazi.

Mwisho akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Kunauma?" Hapo sikutania. Nilimwambia sijui, bibi, lakini hutakuwa peke yako. Mtu anayetania na mgonjwa lazima awe tayari kwa swali hilo, kwa sababu linakuja nyuma ya kicheko, karibu kila mara. Likija, weka utani chini, mtazame usoni, jibu ukweli wako.

Alipofariki alioshwa na wale watatu. Maji waliyapasha moto.

Watoto nao waache. Mtoto akiuliza babu anakula nini huko, usimwambie babu amesafiri. Atakaa anamsubiri, na siku akijua atakuona mwongo. Mwambie babu amekufa, mwili wake hauli tena, na mengine mweleze kwa imani ya nyumbani kwenu. Halafu mruhusu amtanie babu yake, ni haki yake kuliko hata yangu. Mjukuu mmoja wa yule fundi baiskeli alisimama kaburini siku ya arobaini akamwambia babu yake kwamba kengele aliyomwahidi bado anaisubiri. Baba yake alitaka kumzuia, wazee wakamwambia mwache, wale ni watani.

Kwenye simu, hapana

Kwenye kundi la wasap la msiba usitanie hata neno moja. Mle wamo wakwe, wamo wafanyakazi wenzake marehemu, wamo watu wa makabila ambayo hamtaniani. Maneno hayana sura wala sauti, na wewe huko ulikokaa hujashika hata ufagio. Kundi ni la michango na ratiba ya mazishi. Utani nenda nao kwa miguu.

Watu wakishaondoka

Turubai likishushwa na viti vikirudishwa kwa mwenyewe, nyumba inakuwa kubwa ghafla. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi, na wiki mbili za mwanzo zikipita wageni wanakatika. Hapo ndipo mtani anapohitajika kuliko siku ya mazishi, na hapo ndipo wengi wetu tunapotoroka.

Nenda siku za kazi, asubuhi, wakati watoto wako shule. Usiende mikono mitupu: sabuni, mchele kidogo, dagaa. Usiulize unaendeleaje, maana atasema namshukuru Mungu na maneno yataishia hapo. Ingia kwa utani: kwa mke wa fundi nilikuwa naingia nasema nimekuja kumdai mumeo baiskeli yangu. Siku za mwanzo alikuwa anatabasamu tu. Kaa naye jikoni, fanya kazi iliyopo, chambua, kuna, fua. Akitaka kumsimulia marehemu, hata kama hadithi umeshaisikia, isikilize kama mpya na uidakie pale ulipokuwepo. Akinyamaza, nyamaza.

Itafika siku atakutania yeye kwanza. Kwangu ilikuwa mchana mmoja nimechelewa, akanipokea kwa kugonga chini mara mbili na mwiko, akaniuliza chai yake iko wapi. Ukifika hapo, ujue sasa mnaweza kuzungumza mambo mazito. Mwombe akuoneshe karatasi za lile deni la mabati, mhesabu pamoja zimebaki shilingi ngapi na nani anadai, kisha zipeleke kwenye kikao cha ukoo wa mumewe zilipwe kabla mirathi haijagawanywa. Ukoo ukisuasua, jilaze mlangoni kwao.